Moyo wa Mwaka wa Tano

Nchi yetu ina jina, lakini kwa sasa jina hilo liko wizarani linafanyiwa marekebisho, na wananchi tumeombwa tuwe na subira na tuendelee kuipenda hivyo hivyo. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani nayo iko wizarani.

Kitu ambacho hakijapelekwa wizarani ni hospitali yetu, kwa sababu ni kubwa mno haipiti mlangoni. Inaitwa Hospitali Kuu ya Taifa ya Mafunzo, Utafiti, Fahari na Tiba, na mambo hayo yamepangwa kwa kadiri ya umuhimu wake. Mimi ni Kibwana, muuza mkaa, niliishia darasa la sita. Yote nitakayoyasema hapa niliambiwa na watu waliosoma kuliko mimi. Kama kuna upumbavu humu ndani, si wangu.

Hospitali ilianza kama zizi. Wakoloni walikuja na farasi, farasi wakala majani yetu wakaumwa matumbo, ikabidi wajengewe mahali pa kutibiwa. Farasi wote walipona. Hiyo ndiyo rekodi ambayo hospitali inajitahidi kuifikia mpaka leo.

Uhuru ulipopatikana, Kiongozi wa Kwanza alipanda juu ya paa la zizi akatangaza kwamba kuanzia siku ile mwananchi atatibiwa sawa na farasi. Watu walishangilia mpaka paa likabonyea. Kiongozi wa Pili aliweka jiwe la msingi la jengo jipya. Alilipenda sana lile jiwe, hasa sehemu yenye jina lake, akaweka jingine upande wa pili, na jingine karibu na choo. Alipopinduliwa, hospitali ilikuwa na mawe ya msingi mengi kuliko vitanda. Ndiyo maana hadi leo mgonjwa wetu akikosa pa kukaa hakai chini kama mgonjwa wa nchi maskini. Anakaa juu ya jiwe lililozinduliwa rasmi.

Kiongozi wa Tatu ndiye aliyeona mbali. Alishikwa na mafua, akapelekwa nje kutibiwa kama katiba inavyotaka. Huko alilazwa katika hospitali ambayo kila asubuhi vijana wenye makoti meupe walikizunguka kitanda chake, wakamtazama kwa heshima, wakaandika. Akauliza hawa ni nani. Akaambiwa ni wanafunzi, na kwamba hii ni hospitali ya kufundishia. Kiongozi alifurahi mno. Nyumbani watu waliandika hotuba zake, lakini hakuna aliyewahi kuandika chafya zake. Aliporudi aliagiza hospitali yetu nayo ifundishe. Hakusema chochote kuhusu kutibu. Yeye alikuwa amekwisha pona.

Basi juu ya lango wakaandika kwa herufi za shaba: LEO TUNAJIFUNZA, KESHO TUTATIBU. Ni maneno mazuri. Ila hata ukienda kesho yake, yanasomeka vile vile.

*

Dada yangu Mwamvita alikuwa mamalishe. Kwetu tulizaliwa wawili, yeye kwanza, mimi nikafuata. Mama alipofariki ilibidi mmoja wetu aache shule tupate kula, tukaacha wote ili mmoja asije akamcheka mwenzake. Alinilea kwa maharage na matusi, na vyote viwili vilikuwa na ladha.

Alikuwa na sauti. Akiita "Chakula tayari!" pale kwenye majengo yanayojengwa, mafundi wa ghorofa ya juu kabisa walitupa mwiko. Kisha ile sauti ikaanza kukatika. Akibeba sufuria kutoka jikoni kwenda mezani alisimama katikati ya njia kama gari lililoishiwa mafuta. Usiku alilala ameketi. Nikamuuliza, "Dada, unalinda nini?" Akasema, "Nalinda pumzi, ndugu yangu. Nikilala inatoroka."

Nilimpakia kwenye mkokoteni wangu wa mkaa, nikamsukuma mpaka zahanati. Mganga wa pale alimsikiliza kifuani muda mrefu, halafu akatueleza kwa lugha ya watu. Moyo una milango. Mlango mmoja wa moyo wa dada haufungi vizuri, na damu iliyokwisha kutoka inarudi ndani. "Unarekebishika," alisema. "Hospitali Kuu wana chumba, wana mashine, wana Profesa Lugendo, ambaye kazi hii ameifanya huko nje mara nyingi mpaka amechoka kuihesabu. Ila msichelewe. Moyo unaofanya kazi mara mbili unachakaa mara mbili."

Tukaenda siku ile ile. Pale mapokezi alikuwapo binti mmoja mwenye kucha ndefu.

"Ugonjwa gani?"

"Moyo," nikasema.

"Moyo ni mwaka wa tano. Leo ni zamu ya mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili wanatibu nini?"

"Hawatibu, wanasoma. Wanasoma mifupa."

Dada alikuwa amejiegemeza kwenye dirisha la binti yule anatweta. Akanigeukia. "Kibwana, hebu nivunje mkono tuingie."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba katika hospitali yetu magonjwa yote yamepangwa kwa madarasa. Kichwa na mafua ni mwaka wa kwanza. Mifupa mwaka wa pili. Tumbo, kwa kuwa lina mambo mengi, limegawanywa kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Mtu akiumwa kitu ambacho hakimo kwenye ratiba ya siku, anarudi nyumbani akasubiri zamu yake, na akifa huko ni uzembe wake, amekosa kipindi. Mimi niliishia darasa la sita la shule ya msingi, lakini dada yangu alikuwa na ugonjwa wa mwaka wa tano wa chuo kikuu. Nikaona fahari kidogo. Ukoo wetu haujawahi kufika huko.

*

Tukakaa juu ya jiwe la msingi kusubiri zamu. Ndipo alipopita Profesa Lugendo mwenyewe, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, na nyuma yake msafara wa wanafunzi kama kuku na vifaranga. Alikuwa amekwisha tupita. Akasimama, akarudi kinyumenyume.

"Huyu mama," alisema, "shingo yake inacheza."

"Inacheza bila ngoma, Profesa," dada akasema.

Profesa akapiga magoti pale pale vumbini, akaweka stetoskopu yake juu ya kifua cha dada. Akafumba macho. Sijawahi kuona mtu mzima akitabasamu vile akiwa amevaa nguo zake zote. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi.

"Ndugu zangu," aliwaambia wanafunzi, "mlio huu nimeufundisha maisha yangu yote. Lakini kuusikia ukiwa safi namna hii, hapana. Sikilizeni. Ni kama upepo katika mianzi."

Wanafunzi wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilidhani tumefaulu.

Naam, mambo yalibadilika pale pale. Katika hospitali yetu kuna wagonjwa wa aina mbili. Kuna wagonjwa wa kawaida, ambao hulala sakafuni wawili wawili, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Na kuna Somo. Somo ni mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni mzuri. Somo hupewa kitanda cha dirishani, chandarua kisichotoboka, yai asubuhi, na kibao cha kuning'inia shingoni ili mtu yeyote asije akamtibu kwa bahati mbaya.

Hilo la mwisho sikulielewa siku ile. Dada alilielewa kabla yangu, lakini alikuwa anakula yai.

*

Siku za kwanza zilikuwa za sherehe. Walikuja kumsikiliza mwaka wa tano, wakaja mwaka wa nne kwa wivu, wakaja wauguzi, mafundi wa umeme, mpishi mkuu na mke wake. Walijipanga mstari kuanzia kitandani mpaka nje. Dada aliwapokea kama wateja.

"Karibu mwanangu. Pasha hicho chuma kwanza, kifua hiki si jokofu. Haya. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Upepo katika mianzi."

"Asante. Na wewe mrefu, una masikio makubwa hivyo unahitaji mpira wa nini? Si usimame tu hapo mlangoni."

Wodi nzima ilicheka, hata wale wa sakafuni. Lakini mimi niliona kila mtu akiondoka na kitu, na kila alipoondoka mtu, dada alizidi kuitafuta pumzi. Miguu yake ikaanza kuvimba. Alipobonyeza kidole kwenye muundi, shimo lilibaki pale linatutazama.

Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeitazama ile miguu. Alikuwa binti mpole, jina lake Tulinagwe, mtoto wa mkulima wa viazi huko milimani. Aliinamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, wamekupa tarehe ya upasuaji?"

Nikamwambia hapana. Akasema, "Omba." Halafu akatazama nyuma kama mtu aliyeiba.

Nikamfuata Profesa ukumbini, nikavua kofia.

"Shikamoo Profesa. Samahani, mimi ni ndugu wa Somo. Nauliza, operesheni ni lini?"

"Operesheni ya nani?"

"Ya dada yangu. Mlango wa moyo."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayetaka kuchinja jogoo wa maonyesho.

"Ndugu yangu, unaelewa unachokiomba? Nikiuziba ule mlango, mlio unakwisha."

"Ndiyo, Profesa."

"Unakwisha kabisa! Anabaki mwanamke wa kawaida. Nitafundishia nini? Wanawake wa kawaida wamejaa nchi nzima."

"Lakini ataishi."

"Ataishi, ndiyo. Na vijana mia watatoka hapa hawajui ule mlio, na wataua watu vijijini kwa kutojua. Wewe unataka mmoja apone ili maelfu wafe? Unajiita mzalendo?"

Sikujiita mzalendo. Nilijiita Kibwana. Lakini maneno ya wasomi nayo yana mlango mmoja, unaingia, hutoki. Nilirudi wodini nikamweleza dada. Akafikiri.

"Mwambie hivi," alisema. "Mimi napika maharage wenye njaa wapate kula. Siwanyimi maharage ili niwaonyeshe wapishi wanafunzi njaa ilivyo."

Nikarudi, nikamwambia Profesa. Alifurahi sana, akaliandika neno hilo, akalitumia katika mhadhara.

*

Habari zikafika juu. Waziri akaja kumsikiliza.

Siku hiyo wagonjwa wa kawaida walihamishiwa nyuma ya jengo la nguo chafu ili wasimchoshe mgeni. Sakafu ikapigwa dawa. Sista Eufrasia, muuguzi mkuu, mwanamke ambaye hata kivuli chake kilikuwa kimenyooshwa kwa pasi, alimvisha dada khanga mpya na kumwagiza asitwete mbele ya kamera.

"Nisitwete vipi, Sista?"

"Jizuie, mama. Wenzio wanajizuia."

Waziri alipewa stetoskopu. Akaivaa shingoni kama shada la maua, vile vya masikioni vikining'inia juu ya kitambi chake, akaweka upande wa pili kwenye bega la dada. Akanyamaza. Nchi nzima ikanyamaza.

"Nausikia!" alisema. "Ni mlio wa kizalendo!"

Makofi. Kisha hotuba. "Ndugu wananchi! Wapo majirani zetu wenye dhahabu. Wapo wenye mafuta. Wapo wenye bandari. Sisi tulijiuliza miaka yote, Mungu alitupa nini? Leo jibu tumelisikia kwa masikio yetu. Tuna mlio! Kuanzia sasa natamka kwamba mlio wa mama huyu ni rasilimali ya taifa, na hairuhusiwi mtu, kikundi, wala ugonjwa wowote kuuchezea!"

Dada akanyoosha mkono, akamshika Waziri koti. Sista Eufrasia karibu azimie.

"Mheshimiwa mwanangu," dada alisema, na kila neno alilivuta kutoka mbali. "Huo mlio mimi siuhitaji. Nawapa. Uzibeni tu, nipumue, nikapike."

Waziri akawageukia waandishi wa habari. "Mmemsikia? Amesema anatupa! Huu ndio moyo wa kujitolea!"

Halafu akakohoa mara moja, walinzi wakamshika huku na huku, msafara ukampeleka moja kwa moja uwanja wa ndege akatibiwe nje.

*

Nilikata shauri kuondoka naye. Nilikuwa nimesikia kuna hospitali ndogo ya misheni mbali kidogo, ambako daktari hajui mlio wowote ni wa mwaka wa ngapi, anakata tu. Asubuhi, wakati wa chai ya wauguzi, nikaleta mkokoteni mpaka mlango wa nyuma, nikamkalisha dada juu ya magunia, nikamfunika khanga.

Tulifika langoni. Mlinzi akainua khanga, akaona kibao.

"Mzee, unaiba."

"Naiba nini? Huyu ni dada yangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Sikatai. Lakini ana namba ya chuo. Mali ya chuo haitoki bila kibali." Akanionyesha. Kwenye orodha ya vifaa vya kufundishia dada yangu alikuwa kati ya mifupa ya plastiki na darubini mbovu.

"Na mkokoteni?" nikauliza.

"Mkokoteni ni wako. Mkokoteni unaweza kwenda."

Dada alicheka. Alicheka mpaka midomo yake ikawa na rangi ya zambarau, ikabidi nimkimbize ndani mwenyewe, kwa miguu yangu, mle mle nilimokuwa namtoa.

Nadhani Profesa alipoambiwa aliona aibu kidogo, au aliogopa nisije nikajaribu tena. Alikuja kitandani na wanafunzi wake wote. "Ndugu Kibwana," alisema, "sisi si wanyama. Mtihani wa mwisho wa mwaka wa tano umekaribia. Somo kuu la mtihani ni mlio huu. Mtihani ukiisha tu, siku hiyo hiyo, nitamwingiza mama chumba cha upasuaji kwa mikono yangu hii, nitauziba mlango, na kesho yake atakunywa uji. Nakuahidi mbele ya watu."

Nilimshika mkono nikaubusu. Sioni aibu kusema hivyo. Ulikuwa mkono unaojua kazi.

Kuanzia hapo mimi ndiye niliyegeuka askari wa dada. Akitaka kushuka kitandani, namzuia: utajichosha, ngoja mtihani. Akitaka kufanya utani na wanafunzi, namnyamazisha: tunza pumzi, ngoja mtihani. Nilimlisha, nikampepea, nikamwekea mito nyuma mitatu, minne, kila mto niliouona hauna mtu.

"Umekuwa kama wao," aliniambia.

"Nimekuwa kama wao mpaka siku ya mtihani, dada. Baada ya hapo nitukane utakavyo."

"Nitakutukana," akasema. "Matusi nimekwisha yapanga."

*

Asubuhi ya mtihani walimsukuma na kitanda chake mpaka ukumbi mkubwa. Wakakizungushia pazia la kijani. Nje ya pazia Profesa Lugendo alikaa na watahini wenzake nyuma ya meza yenye kitambaa na maji ya chupa. Watahiniwa walijipanga ukutani, makoti yao yanang'aa. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye kigoda karibu na pazia, upande wa nje, kwa sababu Somo alikuwa hatulii nisipokuwapo.

Kabla ya kuanza niliingia kumtazama. Alikuwa wa kijivu. Jasho lilikuwa linamtoka na mikono ni ya baridi.

"Kibwana," alisema, "leo hapana."

"Leo tu, dada. Wakimaliza hawa wanakuingiza. Chumba kipo pale mwisho wa ukumbi, mlango nimeuona kwa macho yangu."

Akapumua. Akapumua tena. "Haya. Kama ni leo tu." Kisha akaniita kwa kidole niiname. "Maharage umeloweka?"

"Nimeloweka."

"Usitie magadi mengi. Yanakuwa uji."

Sista Eufrasia akanitoa. Akasoma sheria za mtihani kwa sauti. Watahiniwa wataingia mmoja mmoja. Hairuhusiwi kunong'ona. Na Somo haruhusiwi kusema neno lolote wala kutoa ishara yoyote, asije akawasaidia watahiniwa.

Wakaanza. Aliingia wa kwanza, akatoka, akasimama mbele ya meza. "Mlio unavuma kama upepo katika mianzi, Profesa, ukielekea kwapani." Profesa akatikisa kichwa kwa furaha. Akaingia mwingine, upepo katika mianzi. Mwingine, upepo katika mianzi. Kuna wakati nilisikia nyuma ya pazia sauti kama ya mtu anayetaka kuita. Nikainuka. Sista Eufrasia akaweka kidole mdomoni, akaenda kwenye pazia, akasema kwa upole, "Mama, sheria." Sauti ikanyamaza. Nikakaa. Nilijiambia, ni vizuri, anajitunza.

Wakaendelea. Yule mrefu wa masikio makubwa naye akaingia, akatoka anatabasamu. Upepo katika mianzi. Profesa akamwambia mwenzake kwamba hawa ni vijana bora kuliko wa miaka yote.

Ndipo akaingia Tulinagwe. Akakaa mle ndani muda mrefu. Nikasikia anasema, "Mama. Mama Mwamvita." Sista akagonga meza. Tulinagwe akatoka, stetoskopu iko mkononi.

"Profesa, sisikii kitu."

"Rudi ukasikilize vizuri."

"Nimesikiliza vizuri. Mama amefariki."

Profesa akageuza karatasi yake, akatazama nyuma, akatazama mbele. "Hilo si miongoni mwa majibu."

"Profesa, amekwisha kuwa wa baridi. Mkono wake..."

"Mtahiniwa! Umeulizwa moyo. Hukuulizwa mkono." Watahini wakacheka kidogo. "Umeshindwa. Anayefuata!"

Mimi nilikuwa nimekwisha lichana pazia. Alikuwa ameegemea mito yangu yote, kichwa kimeangukia bega, macho wazi yanatazama upande niliokuwa nimekaa. Nilimshika uso. Sijui nilisema nini. Waliokuwapo wanasema nilimtukana Profesa kwa jina la mama yake. Kama nilifanya hivyo, nilifanya vizuri.

Profesa akaja mwenyewe. Akaweka stetoskopu yake pale pale alipoiweka siku ya kwanza kule vumbini, akafumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na machozi. Yalikuwa na hesabu. Akavuta pazia ili watahiniwa wasituone.

"Ndugu Kibwana," alinong'ona, "pole sana. Lakini tusaidiane. Huyu amefariki lini?"

"Mimi nitajuaje? Wenye vya kusikilizia ni ninyi!"

"Ndiyo, na hapo ndipo penye ugumu. Vijana waliotangulia wote wameusikia moyo, na nimewapa maksi za juu. Siwezi kumpa mtu maksi kwa moyo uliosimama. Kwa hiyo haukuwa umesimama. Na kama umesimama sasa, nusu ya darasa haina mtihani, na nchi haitakuwa na madaktari mwaka huu. Unataka nchi ikose madaktari?"

"Nataka kumpeleka dada yangu nyumbani nikamzike."

"Utampeleka. Lakini langoni watataka cheti cha kifo, na cheti nasaini mimi, na mimi niko kwenye mtihani." Akanishika bega kwa ule mkono unaojua kazi. "Mtihani ukiisha tu atafariki, siku hii hii. Nakuahidi."

Akatoka. Nikamsikia anaita anayefuata.

Tulinagwe alikuwa hana tena pa kwenda. Aliingia akakaa upande wa pili wa kitanda, akamfumba dada macho, akavuta shuka ili amfunike uso. Sista Eufrasia akachungulia.

"Msimfunike," alisema. Sauti yake haikuwa imenyooka kama siku zote. "Watahiniwa watapata dokezo."

Pazia likafunguka. Kijana akaingia, akatusalimu kwa kichwa, akainama. "Shikamoo, mama. Vuta pumzi ndani. Asante. Toa." Akasikiliza, akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani. Alinitazama. Akamtazama Tulinagwe, aliyekuwa analia bila kujificha. Akatazama tena kile kifua, muda mrefu, na nikaona kwamba alijua.

"Asante, mama," alisema.

Akatoka. Nikamsikia mbele ya meza, sauti imara, ya daktari kabisa. "Upepo katika mianzi, Profesa."

Ukutani walikuwa wamebaki wengi. Nikavuta kigoda changu ndani ya pazia, nikamshika dada yangu mkono, nikasubiri afe.